Kinachodunda kinasukuma kuliko kinachonata: tuliweke sawa suala hili la momenta

Chaki na Ubao

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna swali moja la fizikia linalorudi kila mwaka kwenye mitihani ya majaribio, na kila mwaka linaondoka na alama za vijana wengi wenye akili. Kulisoma ni jepesi. Mpira wa nusu kilo unakwenda mita 10 kwa sekunde, unagonga ukuta na kurudi kwa kasi ile ile. Bonge la udongo, nusu kilo pia, kasi ile ile, linagonga ukuta huo huo na kunata hapo hapo. Kipi kimebadilika momenta, yaani tungamo mara kasi, zaidi?

Wengi wanajibu udongo. Ukiwauliza sababu, wanasema udongo umepoteza kila kitu ilhali mpira umebaki na mwendo wake. Wengine wanakwenda mbali zaidi na kuandika kwamba mpira haukubadilika kabisa: ulikuja na 5 (nusu kilo mara mita 10 kwa sekunde), umeondoka na 5, tofauti ni sifuri. Hili la pili ndilo linaloniumiza. Kijana anayeandika hivyo amekariri kanuni vizuri, tungamo mara kasi, ila hakuna aliyemkalia chini akamwonyesha kwamba momenta ina upande inakoelekea, na kwamba upande huo ni sehemu ya hesabu.

Twende polepole. Upande wa kuelekea ukutani tuuite chanya. Udongo ulikuja na +5, umebaki na 0. Ukuta umeuondolea 5, basi. Mpira ulikuja na +5, umeondoka na −5. Kutoka +5 kwenda −5 lazima upite kwenye sifuri, na kweli unapita: kuna kitambo kifupi mno ambapo mpira umebonyea ukutani, umetulia tuli. Mpaka hapo ukuta umeshafanya kila kilichofanyika kwa udongo. Halafu unaendelea kusukuma, na msukumo huo wa pili ndio unaourudisha mpira ulikotoka. Tano za kusimamisha, tano za kurudisha, jumla 10. Na kwa kuwa ukuta ukisukuma mpira, mpira nao unausukuma ukuta kwa kiasi hicho hicho, mpira umeusukuma ukuta mara mbili ya udongo.

Mpira usiodunda vizuri unaangukia katikati. Ukirudi kwa mita 6 kwa sekunde, badiliko ni 5 na 3, yaani 8. Ukirudi kwa mita 2, ni 6. Kwa hiyo chochote kinachorudi nyuma, hata kidogo, kinazidi kile kilichonata.

Anayeandika sifuri tusimcheke. René Descartes, aliyekuwa miongoni mwa vichwa vikubwa vya Ulaya, alichapisha mwaka 1644 kanuni zake saba za migongano, naye alihesabu ukubwa wa kitu mara kasi yake bila kujali upande. Kwa hesabu hiyo alifika mahali akasema kitu kidogo kikigonga kikubwa kilichotulia, kidogo kitarudi na kasi yake yote na kikubwa hakitajongea hata chembe. Aliyecheza gololi utotoni anajua haiko hivyo. Ilipofika 1668, wanachama wa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, waliamua jambo hili lichunguzwe upya. John Wallis akaleta hesabu za vitu vinavyogongana bila kudunda. Christopher Wren na Mholanzi Christiaan Huygens wakaleta za vitu vinavyodunda. Huygens ndiye aliyeliweka wazi: mwendo wa vitu viwili ukiujumlisha kiholela unaweza kuongezeka au kupungua baada ya kugongana, lakini ukihesabu wa kuelekea upande mmoja na kuutoa ule unaokwenda kinyume, jumla inabaki ile ile. Alama ya kutoa tunayoisahau kwenye mtihani iliwachukua wataalamu wa karne ya 17 robo karne nzima kuikubali.

Wenye shaka wafanye jaribio hili nyumbani, halihitaji maabara. Simamisha wima mezani kipande cha mbao kirefu kuliko kiganja, chembamba kiasi cha kutikisika ukikigusa juu. Tafuta mpira wa tenisi. Kanda bonge la udongo wa mfinyanzi, au la unga wa ngano, na ulipime kwenye mizani hadi lilingane na mpira. Funga kila kimoja kwenye uzi wa urefu sawa, uning'inize mbele ya mbao, uvute nyuma na kuachia, ukihakikisha vyote vinagonga pale pale karibu na ncha ya juu. Anza na kimo kidogo, panda taratibu. Utafika kwenye kimo ambacho bonge linajibandika kwenye mbao, mbao inainama kwa nyuma, inasita, kisha inarudi kusimama. Bila kubadilisha kimo hicho, achia mpira. Mbao inaanguka. Angalia pia mpira umeishia wapi baada ya kugonga, kwa sababu kule kurudi kwake ndiko kulikoiangusha mbao.

Karibuni tujadili. Wenye maswali magumu ndio ninaowataka hasa.

Binti Songea

Shikamoo mwalimu. Nina jambo linanisumbua. Tumefundishwa momenta haiongezeki wala haipungui kwenye mgongano. Mpira ulikuja na 5 tu. Wewe unasema ukuta umepewa 10. Hizo 5 za ziada zimetoka wapi? Na kama ukuta umepewa momenta, mbona haujongei?

Chaki na Ubao

Marahaba, binti. Umeuliza lile hasa ambalo watu wengi wanaliona na kunyamaza.

Tuuache ukuta kwanza, maana umeshikamana na dunia na dunia inatuficha hesabu. Badala yake weka gogo la kilo 4.5 juu ya sakafu inayoteleza sana, limetulia. Kitu chetu cha nusu kilo kinakuja kwa mita 10 kwa sekunde. Momenta yote iliyopo kabla ya kugongana ni 5.

Kikinata: gogo na udongo vinakwenda pamoja, jumla kilo 5. Tano gawa kwa tano, kasi ni mita 1 kwa sekunde. Gogo limepata 4.5, udongo umebaki na 0.5. Jumla 5.

Kikidunda kikamilifu, bila kupoteza nishati: gogo linaondoka kwa mita 2 kwa sekunde na mpira unarudi nyuma kwa mita 8. Hesabu: gogo 4.5 mara 2 ni 9. Mpira ni nusu mara 8, yaani 4, lakini unakwenda kinyume, kwa hiyo −4. Tisa toa nne, tano. Hakuna kilichoongezeka.

Unaona gogo limepata 9 kutoka kwa mpira uliokuwa na 5? Hazikutoka hewani. Mpira wenyewe umekwenda "kwenye deni" la 4 kwa upande wa pili, na gogo ndilo lililoshika kile mpira ulichokitoa. Linganisha 9 na 4.5: mara mbili kamili. Hii haitegemei namba nilizochagua. Gogo lililotulia likigongwa na kitu kinachodunda kikamilifu, linaondoka na kasi mara mbili ya ambayo lingepata kama kitu hicho kingenata, liwe zito au jepesi.

Kuhusu ukuta: unajongea, pamoja na dunia nzima nyuma yake. Gawanya 10 kwa tungamo la dunia uone kasi inayotoka. Hakuna kifaa kitakachoiona.

Msafiri wa Pwani

Mkuu, hapo kwenye hesabu sina ugomvi, ila naona kama maisha yanakataa. Gari likigonga mti na kunasa pale pale linakuwa chapati. Mpira ukigonga mti unarudi mzima. Anayepata madhara makubwa ni yule aliyenata. Sasa tunasemaje kwamba kudunda ndiko kwenye nguvu zaidi?

Chaki na Ubao

Mkuu, hapo kuna vitu viwili na lazima tuvitenganishe: kusukumwa na kuharibika.

Rudi kwenye gogo letu. Nishati ya mwendo kabla ya kugongana ni nusu mara 0.5 mara 100, jouli 25. Mpira ulipodunda, gogo lilichukua jouli 9 na mpira ukaondoka na 16. Jumla 25, zote bado ni mwendo, hakuna kilichovunjika. Udongo uliponata, gogo na udongo vikienda pamoja vina jouli 2.5 tu. Jouli 22.5 zimeingia kwenye udongo wenyewe: kupondeka, joto, mlio. Kwa hiyo kinachonata kinasukuma kidogo na kuharibika sana. Kinachodunda kinasukuma sana na kuharibika kidogo. Umeona sawasawa kwamba gari lililonasa ndilo linaloumia. Lakini mti ungesukumwa zaidi kama gari lingekuwa la mpira.

Na hapa pana uhai wa watu, naomba tusipapite haraka. Chukua gari linalokwenda mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Likipondeka na kusimama, abiria aliyefunga mkanda amebadilishwa mwendo kwa mita 20 kwa sekunde. Kama gari lingedunda na kurudi kwa kasi ile ile, abiria angebadilishwa kwa mita 40 kwa sekunde, na ndani ya muda mfupi. Mwili hauhimili. Ndiyo sababu wahandisi waliacha kutafuta gari gumu lisilobonyea. Béla Barényi wa Mercedes-Benz ndiye aliyelisukuma wazo la kuacha pua na mkia wa gari vipondeke huku chumba cha abiria kikibaki imara, na mwaka 1959 kampuni hiyo ikaanza kuuza gari la namna hiyo.

Kofia ya bodaboda ni hesabu hiyo hiyo. Ile povu nyeupe ngumu iliyo ndani, chini ya kitambaa, imewekwa ili ipondeke na isirudi. Ingekuwa raba laini inayodunda, kichwa kingesimamishwa na kisha kurushwa upande wa pili. Ndiyo maana kofia iliyokwisha kupigwa kwenye ajali haifai kuvaliwa tena hata kama nje haina mkwaruzo: povu likishapondeka, limekwisha. Wanaonunua kofia zilizotumika wakague ndani, wabonyeze kwa kidole kila upande.

Fundi wa Maporomoko

Naunga mkono hoja, na naomba nichangie kutoka kazini. Nimekuwa nikifunga na kutengeneza mitambo midogo ya umeme wa maji huku Nyanda za Juu Kusini, na mtambo tunaoutumia sana sehemu zenye mwinuko mkali ni gurudumu la Pelton. Hilo gurudumu ni mada hii ya mwalimu iliyotengenezwa kwa chuma.

Magurudumu ya zamani yalikuwa na vibao bapa. Maji yanapiga kibao, yanatawanyika pembeni, basi. Kwa upande wa mbele, maji hayo ni sawa na udongo ulionata: yamesimamishwa, hayakurudishwa. Ukifanya hesabu, gurudumu la namna hiyo haliwezi kuvuna zaidi ya nusu ya nishati ya maji, hata ulitengeneze kwa dhahabu.

Lester Pelton alikuwa fundi seremala na fundi wa mitambo kwenye machimbo ya dhahabu ya California. Alipata hataza yake mwaka 1880. Alichofanya ni kuweka kwenye gurudumu vikombe viwili viwili vilivyoungana ubavuni, na katikati yao ukingo mkali uliosimama. Mkondo wa maji unapiga ukingo huo, unapasuka mara mbili, kila nusu inazunguka ndani ya kikombe chake na kutokea kule kule ilikotoka. Maji yanarudishwa nyuma, kama mpira. Msukumo unakaribia mara mbili ya ule wa kibao. Mwaka 1883 kule Grass Valley yalifanyika mashindano ya magurudumu, la Pelton likafikia ufanisi wa asilimia 90 hivi, lililofuata likabaki kwenye sabini na kitu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo vijana ninaowafundisha huwa hawaamini mpaka walione. Gurudumu likizunguka vizuri, kikombe kinakwenda kwa nusu ya kasi ya mkondo. Ukiwa umekaa ndani ya kikombe, ungeona maji yanakuja kwa nusu kasi na kuondoka kwa nusu kasi kinyume, yaani yamedunda. Lakini wewe uliyesimama pembeni unaona maji yakitoka kwenye kikombe karibu hayana mwendo wowote, yanadondoka tu chini kwenye shimo. Yameacha kila kitu kwenye gurudumu. Ukifungua kifuniko cha ukaguzi ukakuta maji yanaruka kwa nguvu baada ya kutoka kwenye vikombe, jua kasi ya gurudumu haiko sawa, kuna umeme unaupoteza.

Hayarudishwi nyuzi 180 kamili, kwa sababu yangepiga mgongo wa kikombe kinachofuata. Yanapindishwa kama nyuzi 165, na hasara yake ni ndogo sana. Kinachoua gurudumu ni mchanga. Unakula ule ukingo wa katikati mpaka unakuwa butu, na ukingo butu unageuza kikombe kuwa kibao bapa: maji yanapiga na kutawanyika. Nikifika kwenye mtambo uliopungua umeme, kitu cha kwanza ninachofanya ni kupitisha kidole gumba juu ya ukingo wa kila kikombe.

Kwa wanaotaka mfano mkubwa, kituo cha Kihansi, upande wa milima ya Udzungwa, kina mitambo mitatu ya Pelton, megawati 60 kila mmoja, na maji yanaanguka kama mita 850.

Chaki na Ubao

Fundi, umenipa somo la wiki nzima. Nimepiga hesabu ya Kihansi: maji yakishuka mita 850 bila kupoteza chochote njiani, yanatoka kwenye mdomo wa bomba kwa mita 129 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 460 kwa saa. Kwa hiyo kikombe kinatakiwa kwenda kama mita 64 kwa sekunde.

Binti Songea

Kihansi si ndiko walikotoka wale vyura wadogo wa njano?

Fundi wa Maporomoko

Ndiko, dada. Waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko, na maji yalipoelekezwa kwenye mitambo manyunyu yakapungua. Baadhi walipelekwa Marekani mwaka 2000 kufugwa, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mabomba ya kunyunyiza yalikuwa yamewekwa pale bondeni, na baadaye vyura wakaanza kurudishwa. Ni habari inayostahili uzi wake, watu wasiisahau wanapousifu umeme huo.

Nyota ya Kusi

Wakuu, niongeze mfano wa mbali kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022, saa nane na dakika 14 kwa saa zetu, chombo cha NASA kiitwacho DART kiligongeshwa makusudi kwenye kimondo Dimorphos. Chombo kilikuwa na kilo 580 hivi, kasi yake zaidi ya kilomita 6 kwa sekunde. Dimorphos ina upana wa kama mita 150 na inazunguka kimondo kikubwa zaidi, Didymos. Lengo lilikuwa kupima kama tunaweza kukisogeza kimondo kitakachokuja kutishia dunia siku moja.

Chombo hakikudunda. Kilisambaratika pale pale, na mtu angesema hesabu yake ni ya kunata. Kabla ya kugonga, mzunguko wa Dimorphos ulikuwa saa 11 na dakika 55. Wataalamu walisema badiliko la sekunde 73 tu lingetosha kuita kazi hiyo mafanikio. Likatokea badiliko la dakika 33.

Sababu iko ndani ya mada hii. Chombo kilipoingia kiliripua mawe na vumbi, tani kwa tani, vikarushwa kule kule chombo kilikotokea. Kamera za chombo kidogo cha Waitaliano, LICIACube, zilipiga picha za michirizi hiyo ya vumbi. Kila jiwe lililorushwa nyuma lilikisukuma kimondo mbele. Hesabu zilizochapishwa 2023 zilionyesha kimondo kilipata msukumo wa takribani mara 3.6 ya ule ambao kingepata kama chombo kingezama na kunata tu.

Swali langu kwa mwalimu: umesema kudunda kikamilifu kunazaa mara mbili. Hapa imekuwaje mara 3.6? Mbili si ndiyo mwisho?

Chaki na Ubao

Mkuu, mbili ni mwisho pale kitu kile kile kilichokuja ndicho kinachorudi, na hakiwezi kurudi na nishati zaidi ya kiliyokuja nayo. Mpira haurudi kwa kasi kubwa kuliko uliyokuja nayo labda uwe na baruti.

Kwenye Dimorphos kilichorudi si kilichokuja. Zilikuja kilo 580 kwa kasi ya kutisha, zikarudi tani nyingi za mawe kwa kasi ndogo zaidi. Hapo ndipo penye siri. Nishati inafuata kasi mara kasi, momenta inafuata kasi tu. Kwa nishati ile ile, ukiigawa kwa tungamo kubwa linalokwenda polepole unapata momenta kubwa zaidi. Mfano: jouli 50 kwa kitu cha kilo 1 zinakupa mita 10 kwa sekunde, momenta 10. Jouli 50 hizo hizo kwa kitu cha kilo 100 zinakupa mita 1 kwa sekunde, momenta 100. Chombo kilikuja na nishati nyingi mno, na hata sehemu ndogo yake ikitumika kurusha mawe mengi nyuma, msukumo unapita ule wa kudunda kwa kawaida.

Kwa hiyo kimondo kilichoundwa na kokoto na vumbi vilivyolegea si lazima kiwe kigumu kusukuma. Kinaweza kusaidia kujisukuma chenyewe. Hera, chombo cha Ulaya kilichorushwa Oktoba 2024, kinakwenda huko huko kupima tungamo la Dimorphos na kukagua pale palipogongwa, ndipo ile 3.6 itakaposahihishwa kwa usahihi zaidi.

Mdadisi wa Bujumbura

Salamu kutoka Burundi. Nina pingamizi la kweli, si la ubishi. Mwanga nao una momenta. Kioo kinaurudisha, kitu cheusi kinaumeza. Kwa kanuni yenu kioo kisukumwe mara mbili ya cheusi. Shuleni kwetu kulikuwa na ile chupa ya Crookes: ndani vibawa vinne vyepesi juu ya sindano, upande mmoja mweusi, upande wa pili mweupe. Ukiiweka juani vinazunguka. Lakini vinazunguka upande mweusi ukikimbia mwanga, kana kwamba mweusi ndio unaosukumwa zaidi. Je, kanuni imeshindwa?

Chaki na Ubao

Karibu sana ndugu. Pingamizi lako lina umri wa karne moja na nusu na liliwatesa watu wakubwa. William Crookes alitengeneza chupa hiyo mwaka 1873, na mwanzoni ilidhaniwa kweli ni msukumo wa mwanga. Mzunguko wake wa kinyume ndio uliowaambia kuna jambo jingine.

Ndani ya chupa hiyo hewa haijatolewa yote. Upande mweusi unapata joto zaidi, na hewa iliyobaki, hasa kwenye kingo za kibawa, inasogea na kusukuma kwa sababu ya tofauti hiyo ya joto. Msukumo wa hewa ni mkubwa kuliko wa mwanga kwa mbali, kwa hiyo unashinda. Chembe ya hewa inayogusa uso wa moto inaondoka kwa kasi kubwa kuliko iliyokuja nayo, inadunda na nyongeza. Kanuni haijashindwa, imefunikwa na mgongano mwingine.

Ili kuuona mwanga peke yake lazima hewa itolewe vizuri zaidi. Pyotr Lebedev wa Moscow alifanya hivyo na kuchapisha vipimo vyake mwaka 1901, kioo kikasukumwa zaidi ya cheusi kama inavyotakiwa. Kiasi chenyewe ni kidogo sana: jua la hapa tulipo kwenye mfumo wake linasukuma eneo jeusi la mita moja ya mraba kwa takribani sehemu 4.5 kati ya milioni za nyutoni moja. Kioo kinapata kama 9.

Wajapani wamelitumia hilo. Tanga lao la anga, IKAROS, lililorushwa Mei 2010, lilikuwa la utando mwembamba wa mita 14 kwa 14. Pembezoni waliweka vipande vinavyobadilika kwa umeme, mara vinaakisi kama kioo, mara vinatawanya mwanga. Upande unaoakisi ukisukumwa zaidi ya wa pili, tanga linageuka. Wakaliongoza bila kutumia tone la mafuta, kwa kuchagua tu wapi mwanga udunde.

Mwanafunzi wa Kisumu

Mwalimu, hujambo? Nimefuatilia uzi huu wote na mtihani wangu uko karibu. Nisaidie hapa. Maji yanatoka kwenye bomba la zimamoto, kilo 12 kila sekunde, kasi mita 15 kwa sekunde, yanagonga ukuta. Sehemu ya kwanza: maji yanateremka ukutani bila kurudi, tafuta kani. Nimepata nyutoni 180. Sehemu ya pili: maji yanarudi nyuma kwa mita 3 kwa sekunde. Nimetoa 3 kwenye 15, nikapata 12, mara 12 ni 144. Lakini kwa uzi huu jibu lingepaswa kuzidi 180, sivyo?

Chaki na Ubao

Sijambo, mwanangu. Umejikagua mwenyewe kabla sijakukagua, endelea na tabia hiyo kwenye chumba cha mtihani.

Sehemu ya kwanza ni sahihi. Ya pili, kasi ya kurudi ni −3, na unatoa mwisho kwenye mwanzo: 15 toa (−3) ni 18. Kumi na mbili mara 18 ni nyutoni 216. Kabla ya kuandika namba yoyote, chora mshale wa kuja na mshale wa kuondoka, kisha uandike alama juu ya kila mshale.

Hiyo 144 uliyopata nayo ni jibu la swali halali, ila la hali nyingine. Ondoa ukuta, weka wavu. Maji yanaupiga wavu, yanapungua kasi, yanapenya na kuendelea mbele kwa mita 3 kwa sekunde. Wavu huo ndio utakaosukumwa kwa nyutoni 144.